Si Uchawi, Ni Jua

Lodwar,
Februari.

Senje wangu,

Nakuamkia kutoka huku juani, wewe na wote wa Musanda. Goti lako linaendeleaje? Mvua ya kulainisha shamba imeanza, au nanyi mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima sasa. Nasema "sasa" kwa sababu wiki mbili zilizopita haukuwa mzima, na nitakueleza. Moyo ndio hautulii. Tangu nianze barua hii nimesimama mara tatu, nikaenda mlangoni, nikarudi.

Barua yako niliipata. Unasema wazazi wa Rosa kule Butere wamesimamisha mazungumzo ya ndoa, eti baba yake hatoi binti kwa mchawi wa usiku. Nilicheka, Senje. Nilicheka peke yangu hadi Sista, muuguzi mkuu wa zahanati yetu, akachungulia dirishani. Halafu nikafika pale ulipoandika, "Lisemwalo lipo, mwanangu, niambie ukweli," kicheko kikaisha. Kama wewe dada wa baba, uliyenibeba mgongoni, unauliza hivyo, Rosa naye atasema nini?

Maneno yametoka kwa Barasa, yule jirani yetu dereva wa lori. Alileta mahindi huku akalala kwangu siku mbili. Na aliyoyaona ni kweli. Aliniona nikitoka saa kumi ya alfajiri na baiskeli isiyo na taa. Aliniona nikirudi saa nne, nikajifungia na kulala, na jua lilipoinama nikatoka tena. Kwetu mtu wa namna hiyo ana jina moja tu. Hata mimi ningekuwa Musanda ningeweka komeo na kutega sikio nisikie kama anarusha mchanga juu ya mabati. Lakini mbona Barasa hakusema kwamba yeye mwenyewe mchana alilala chini ya lori lake, ulimi nje?

Kazi yangu ni kuwapelekea dawa wagonjwa wa kifua walio mbali na zahanati. Baiskeli ni ya zahanati, njia ni mchanga na mawe. Jua la huku si lile la kwetu la kuanikia mahindi, ambalo saa nane wingu linakuja kulifunika. Hili hakuna wa kulifunika. Saa sita huwezi kushika usukani bila kitambaa. Ukiiacha baiskeli nje tairi hupasuka yenyewe, kwa hiyo hata yenyewe naiingiza ndani tulale wote. Na usidhani ninafurahia kulala huko! Unanijua, mimi ni mtu wa kuhangaika. Kukaa kivulini saa sita nzima nikihesabu siku ambazo Rosa hajaniandikia ni kazi ngumu kuliko kukata miwa.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Nilipoisoma barua yako nilikasirika, nikasema kuanzia leo nitaendesha mchana kama watu. Akipita mtu wa kwetu, anione. Nikatoka saa tano, chupa moja ya maji mfukoni, kana kwamba niko njia ya kwenda Butere ambako ukiwa na kiu unabisha hodi boma lolote, na ukibeba maji yako mwenyewe wenye maboma wanaona umewaita wachoyo. Huku kutoka boma moja hadi lingine unaweza kuzeeka.

Mwanzoni jasho lilinitoka hadi shati likanata mgongoni. Chupa ikaisha. Baadaye jasho likakauka, na mimi nikafurahi, Senje! Nikasema mwili umezoea. Kichwa kilikuwa kinagonga na vinyweleo vimesimama kama nasikia baridi, lakini nikazidi kukanyaga pedali. Nikadhani niko ule mteremko wetu wa mtoni, nikashangaa mbona mto haufiki. Kuanguka kwenyewe sikumbuki.

Aliyeniokoa ni Mama Akiru, ambaye mume wake ni mgonjwa wangu. Alikuwa na mbuzi wake karibu na hapo. Yeye na binti yake waliniburuta hadi kwenye kivuli, wakanivua shati, wakanimwagia kichwani na kwapani maji ya kunyweshea mbuzi, wakanipepea kwa ngozi. Nilipofungua macho alikuwa ameniinamia, amekasirika.

"Hapa hata punda inalala mchana," akasema. "Wewe ni nani?"

Jioni walinipakia juu ya punda huyo huyo hadi zahanati, nikalazwa siku tatu. Sista akanijia na yake.

"Ulikuwa unatafuta nini na jua ya saa sita?"

"Nilikuwa naonyesha watu wa nyumbani mimi si mchawi."

Akanijazia maji kikombeni. "Na ungekufa, wangeanza kuuliza ni nani amekuroga."

Ni kweli, Senje. Na wa kwanza kutajwa angekuwa nani? Si wewe, unayeishi peke yako na kuku weusi?

Kwa hiyo nimerudi kwenye saa zangu na siziachi. Naamka gizani, jerikeni mbili za maji nyuma, kofia pana, shati jeupe la mikono mirefu, kitambaa kilicholowa shingoni. Nakunywa kabla ya kiu, na chumvi kidogo mfukoni ya kulamba. Kichwa kikianza kuniuma nashuka, hata kama mgonjwa yuko pale mbele. Wakiniita mchawi, waite. Siwezi kufa mchana ili nionekane mtu mwema.

Usimbembeleze baba yake. Nenda kwa Rosa mwenyewe pale shule ya chekechea anakofundisha, watoto wakishaenda. Mweleze yote, na kuanguka kwangu, na punda. Mwambie akinikubali ataishi na mtu anayetoka saa kumi alfajiri na kulala mchana, na majirani watasema. Halafu umwulize yeye, si wazazi wake, kama bado ananitaka.

Nisalimie baba, mwambie asipigane na Barasa. Msalimie mke wa kaka yangu na mtoto mchanga ambaye sijamwona, na mzee wa kanisa aliyeniombea nilipoondoka.

Andika jibu lake kama atakavyolisema, hata likiwa baya, usilipake sukari. Jua nimejifunza kulikwepa. Jibu la Rosa nitalikwepea kivuli gani, sijui.

Mtoto wako asiyetulia,
Makokha