Karanga za Mama wa Ihumwa

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura.

Hapa Mkonze hatujambo. Babu yako anakohoa tu. Tangu uniulize kama niliwahi kukosea nilipokuwa nikifanya kazi maabara, sikai nikatulia.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa vitenge, nilipima usaha wa mama mmoja wa Ihumwa. Vijidudu vikali vina kimeng'enya kinachogandisha maji ya damu ya sungura. Unavichanganya humo, unatazama baada ya muda wa saa nne kama yameganda, kisha kesho yake. Mimi saa nne hazijatimia nikakimbilia harusini na kitenge kipya. Asubuhi nikakuta majimaji, nikaandika kwamba si vikali. Kumbe vingine hugandisha, kisha huyeyusha.

Mama yule aliteseka sana kwa kukosa dawa iliyomfaa. Alipopona akaniletea karanga, akinishukuru kwa kumpima.

Nilizipokea, Zuhura. Sikumwambia.

Bibi yako