Picha ya Kahawa Niliyoipiga kwa Babu

Mpendwa Shangazi Annastella,

Naomba unisaidie kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo siwezi, mimi hata darasani nikiitwa jina nasimama na jibu linabaki kooni. Mimi ni binti wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, nakaa Nshambya kwa mama mdogo, lakini kwetu ni Ijumbi kwa Babu Rugaibula. Likizo iliyopita Ma Consolata, anayegombea udiwani kwenye uchaguzi mdogo, alikuja kumsalimia Babu, na Babu akamtolea akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kikapu chake kidogo, nami nikapiga picha tatu kwa simu ya mama mdogo nikazitupia kwenye kundi la ukoo, basi, sikuwa na nia yoyote.

Shangazi, binamu yangu Aroni anamfanyia kampeni mgombea mwingine, akachukua ile picha ya katikati peke yake, ambayo Ma Consolata ameinua kiganja na uso kaugeuza pembeni, akaandika kwa herufi kubwa: MZEE WA WATU AKATALIWA KAHAWA NYUMBANI KWAKE. ANAOGOPA KULOGWA NA WAPIGA KURA WAKE? LEO KAKATAA KAHAWA, KESHO ATATUKATAA SISI. MHAYA WA KWELI HANYAMAZI, TUMA KWA WATU KUMI. Sasa imefika Nshamba kule wilayani kwetu, imefika huku Bukoba, hata mwalimu wetu mmoja anayo.

Ninavyokumbuka mimi, Babu alisahau kutafuna kwanza, na kwetu mwenye nyumba ndiye anayeanza, ndiyo maana Ma Consolata akazuia kwa mkono akasema kwa heshima, "Anza wewe, waitu," Babu akacheka akatafuna, naye akachukua. Lakini nimeitazama ile picha mara nyingi mpaka naona kweli kama amekunja uso, na sijui tena nilichokiona. Nilimpigia Aroni akaniambia, "Wee mtoto, siasa huijui. Picha haidanganyi, si umeipiga mwenyewe?" Nikakata simu. Nikampigia Babu, watu wameshamletea pole mpaka mkungu wa ndizi, akaniambia taratibu, "Nilidhani nimesahau mimi. Kumbe alinikataa."

Kibaya zaidi, Judica, binti wa Ma Consolata, tunakaa naye dawati moja. Juzi bombani aliniambia, "Mama amesoma maoni yote. Yote." Halafu akaniuliza, "Hivi nani alipiga ile picha?" Nikasema sijui. Darasani tunafundishwa kwa Kiingereza kwamba ukiona habari uulize chanzo ni nani, na hapa chanzo ni mimi. Shangazi, ile habari ni hila au ni ukweli mchungu? Maana Ma Consolata naye si malaika, aliahidi kujengea chemchemi yetu akiwa kwenye kamati ya maji na mpaka leo tunachota tope. Nifanyeje, na kura bado siku tisa?

Asiyeweza kusema,
Nshambya.

*

Binti yangu,

Pole, ila sitakubembeleza. Unaniuliza mimi niliyekaa ofisini kitu kilichotokea mbele ya macho yako. Unajua ulichokiona. Unachoogopa ni watakaokununia ukikisema.

Ukali peke yake si hila. Aroni angeandika, "Ma Consolata, chemchemi iko wapi?" ningemwachia, maana ni swali gumu na yeyote anaweza kwenda kulitazama lile tope. Lakini yeye alikuwa na picha tatu akaficha mbili. Aliuliza habari ya kulogwa bila kusema nani kasema. Akakwambia usipotuma wewe si Mhaya. Hapo amekunyima cha kupima, akakupa hasira na haraka. Mtu anayekukimbiza hivyo, simama umuulize anakukimbiza usitazame nini.

Na huyo Aroni anajua mila ya mwenye nyumba kuanza, amekulia hapo hapo. Alitegemea wa mjini wasiijue, na ninyi mnaoijua mkae kimya. Wewe umemkalia kimya vizuri sana.

Hilo la Judica limeniudhi. Aliuliza swali la maneno matano ukamdanganya, huku mama yake anatukanwa kwa picha yako. Hiyo haya yako isiwe kichaka cha kujifichia, mwanangu.

Sikiliza. Usiandike habari ya kumsifu Ma Consolata, utakuwa Aroni wa upande wa pili. Kesho asubuhi mwambie Judica, "Niliipiga mimi, na nilikudanganya." Akinuna, mwache anune, ana haki. Mchana ziweke zile picha zote tatu kwa mpangilio kwenye kundi la ukoo, na chini yake uandike kilichotokea kwa sentensi mbili, na jina lako. Kuandika unaweza, nimeona. Mwambie Aroni mbele ya wote aifute yake.

Jumamosi panda gari uende Ijumbi na simu ya mama mdogo. Babu wa watu ameambiwa na wageni kilichotokea sebuleni kwake, naye amewaamini kuliko nafsi yake. Hilo ndilo baya kuliko yote, hata kuliko kura. Usimhubirie. Mwonyeshe ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, umuulize, "Babu, hapa ilikuwaje?" Kisha mwache aseme mwenyewe.