Mpwa Wangu Anaacha Gazeti Akasomee Uchungaji, Nami Nimemponza kwa Kuku

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, tena wa haraka, kwa sababu leo ni Jumanne na mambo yenyewe yanaiva Jumapili. Mimi ni fundi wa makochi, na siyo fundi wa kubahatisha, maana kochi nililomshonea daktari mmoja lilimponya mgongo kuliko dawa zake mwenyewe, na shule niliachia darasa la sita, siyo kwamba nilishindwa, walimu ndio waliishiwa cha kunifundisha. Nayasema haya ili ujue unaongea na mtu wa namna gani, siyo kujisifu.

Nina mpwa, binti wa dada yangu mkubwa, ni mwandishi wa habari, na hapa mtaani tunamwita Mwandishi mpaka jina lake la kuzaliwa watu wamelisahau. Kila habari yake nimeikata gazetini nikaibandika kwenye ukuta wa karakana, wateja wanausoma ukuta wakisubiri gundi ikauke, na kila anayeingia namwambia huyu kalamu ya kwanza nilimnunulia mimi, na wakubwa wakimwona kwa mbali wanabadilisha njia. Sasa mwezi uliopita akaja, akakaa juu ya kochi ambalo hata kitambaa sijalivika, akasema, "Mjomba, naacha gazeti. Naenda kusomea uchungaji." Nikamwambia, "Mwanangu, una homa?" Akacheka, akasema kila siku anafika kwa watu wenye msiba, anauliza maswali, anaandika, anaondoka, na sasa anataka kazi ya kubaki. Nilinuna siku mbili tatu, halafu nikajiambia, kama ni uchungaji basi na awe mchungaji ambaye hajawahi kuonekana.

Basi wiki iliyopita watu wa chuo wakaja nyumbani kwa dada, kwa sababu kabla ya kumpokea mtu huwauliza kwanza wa kwao, mwenyewe akiwa hayupo. Walikuwa wawili, mkuu wa chuo, ambaye ni mama mchungaji mwenye miwani, na mzee mmoja wa kuandika. Wakakaa kwenye kochi nililolitengeneza mimi. Mkuu akauliza, "Ninyi mliona lini dalili za wito kwa huyu binti?" Dada yangu, mshauri, ni mwanamke mkweli mpaka anaudhi, akajibu, "Alikuwa mtoto wa kawaida tu. Mbishi kidogo." Kawaida! Nikaona nafasi ya mtoto inamwagika hivi hivi kwenye zulia. Nikakohoa. Nikawaambia alipokuwa na miaka minne kuku wetu aligongwa na baiskeli, akafa kabisa, miguu juu, mtoto akamwekea mikono, akaomba, kuku akasimama, na jioni ile ile akataga. Mzee akaacha kuandika, akanitazama. Dada akanikanyaga mguu. Mguu ukauma, mdomo ukaendelea, nikasema na alipofika miaka saba alihubiri nje ya baa ya mtaani mpaka baa ikafungwa. "Ikafungwa?" mkuu akauliza. Nikamwambia, "Mpaka leo ni duka la sabuni."

Kumbe wameamini! Jana wamempigia simu kwamba amepokelewa, na Jumapili, kwenye kuwakaribisha wanafunzi wapya, asimame mbele ya watu wote atoe ushuhuda wa kuku. Akaja karakana moja kwa moja.

"Mjomba, kuku gani?"

"Yule wa baiskeli."

"Nani mwingine alimwona akifufuka?"

"Mama yako alikuwepo."

"Mama anasema tulimla siku ile ile. Na baa ilifungwa mwenye nyumba alipopandisha kodi, mimi hata sijazaliwa."

Angepiga kelele ningepata nafuu, lakini aliongea polepole, akasema gazetini hakuwahi kupeleka habari ambayo haijathibitishwa na watu wawili, na sasa hawezi kuingia kazi ya Mungu na habari ambayo haina hata mmoja. "Nikipiga simu mimi, nitakuwa nimekuaibisha wewe uliyenilea. Nakuachia mpaka Jumamosi useme mwenyewe. Ukinyamaza, naiacha nafasi." Na kule gazetini, mshauri, kiti chake kimeshapata mtu, kwa hiyo atakuwa hana huku wala kule.

Nikisema, si wataona ukoo mzima ni wa waongo na kufunga mlango? Na mtaani nimeshaieneza, huko kuku ameshafufuka mara mbili. Halafu la kweli ningewaambia lipi? Kwamba nyumba ya mama mmoja iliungua, Mwandishi akaandika habari, kisha akawa anarudi pale kila jioni kumsaidia kupekua majivu, kazi zinachelewa, mpaka mhariri akamkaripia mbele ya wenzake? Nani anajivunia mtoto aliyekaripiwa? Nishauri, nami nimeshindwa hata kushona.

Ni mimi, Mjomba wa Mwandishi.

*

Mjomba,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa nimemaliza, kaa vizuri tuongee.

Kwanza pole, maana najua ulifanya kwa mapenzi. Ulisikia neno "kawaida" ukaona mtoto wako anatajwa kwa bei ya chini, ukapandisha. Lakini wale hawakuja kununua kochi. Walikuja kumfahamu mtu, nawe ukawapa mtu mwingine ambaye hayupo, na sasa unataka huyu aliyepo asimame Jumapili amwigize. Huoni haya?

Unaogopa wataona ukoo mzima ni wa waongo. Kwenye sebule ile mliongea wawili, na aliyesema kweli ni mama yake mzazi. Binti naye amezikataa sifa za bure huku nyuma yake hana tena kiti cha kurudia. Ningekuwa mimi ndiye mkuu wa chuo, ningempokea kwa hilo tu. Siwezi kukuahidi kwamba yule mama mchungaji ataona hivyo. Lakini ukinyamaza, mpwa wako ataiacha nafasi, amekwambia, na huyo si mtu wa kusema asilolitenda.

Na usiniambie huna la kweli. Umeliandika kwa mkono wako, ukalipita kama takataka. Mtu anayerudi kila jioni kupekua majivu na mama aliyeunguliwa, wakati habari imeshachapishwa na hakuna tena cha kuandika, anafanya nini pale? Wewe uliona ni uzembe kazini. Mkuu wa chuo alikuuliza hilo hilo, mliona lini dalili, nawe ukamjibu kuku.

Sasa sikiliza. Usitume ujumbe wa simu. Usimtume dada yako, ameshakukanyaga mguu bure. Mtaani wakikuuliza habari za kuku, waambie alikuwa mtamu, yaishe. Kesho asubuhi funga karakana, nenda chuoni kwa miguu yako, umwone mkuu. Mwambie wewe ndiye uliyetunga na binti hakujua lolote. Kisha mweleze habari ya yule mama wa majivu kama ilivyotokea, bila kuongeza hata kijiti. Usimfanye yule mama kipofu, usimpe mapacha, usimfufue mtu.

Ukishamaliza, mkuu wa chuo atanyamaza kidogo, anafikiri. Kimya hicho kitakuwasha, Mjomba, utatamani ukijaze. Usikijaze. Hapo ndipo atakapokuwa anaamua juu ya binti yako, na safari hii mwache aamue peke yake.