Kiambishi Nilichokisoma Vibaya

S.L.P. 417,
Njombe.
17 Juni 2025

Mpendwa Kaka Basil,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wifi Conjesta mkiwa wazima huko Kapiri Mposhi, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo, ila baridi ya Juni ndiyo hiyo unayoijua. Asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda, na vidole havishiki kalamu mpaka jua lipande.

Nina jambo ambalo nataka ulisikie kutoka kwangu kwanza. Wewe ndiye uliyeniletea madaftari yako ya Kilatini kutoka seminari, wakati hakuna mtu aliyeona sababu ya msichana kuyasoma. Yote yaliyofuata chuo kikuu, Kigiriki, falsafa ya kale, miaka thelathini na moja ya utafiti, yalianzia hapo.

Unakikumbuka kitabu changu juu ya yule mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeandika kuhusu msiba. Maandishi yake yamebaki vipande vipande tu. Katika kipande kimoja nilisoma kwamba aliyefiwa awaache watu, akae peke yake mpaka akili itulie. Juu ya neno hilo moja, kuwaacha, nilijenga kitabu kizima, na kwa kitabu hicho nikapewa uprofesa.

Mwezi wa pili alikuja hapa nyumbani Aneth, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anasoma Ulaya. Alikuwa na picha mpya za kipande hicho, zilizopigwa kwa taa maalumu. Herufi zilizofifia zimeonekana. Kiambishi cha mwanzo si kile nilichosoma. Neno si kuwaacha watu, ni kuwaendea.

"Nani alikufundisha kusoma herufi hizi?" nilimuuliza kwa ukali.

"Wewe, Mwalimu," akajibu, macho chini. Kisha akasema, "Naweza kusubiri, nisichapishe sasa."

"Usubiri mpaka lini?"

Akanisogezea zile picha, akasimama kuaga. Nikaelewa: binti huyu alikuwa tayari kusubiri mpaka nife. Na nakuungamia, Kaka, nilimwacha aondoke bila kumwambia asisubiri.

Wiki mbili nilizikodolea macho zile picha nikitafuta kosa lake. Sikulipata. Nikapanda gari kwenda Makambako kwa mdogo wetu Priska, nikamweleza yote pale dukani kwake, katikati ya wateja wa mbegu za mahindi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Miaka thelathini, neno moja? Dada, mimi huwa nimeshakosea kabla sijanywa chai!"

Nilikasirika, nikaaga mapema. Lakini njiani nilijikuta natabasamu peke yangu, na nilipofika nyumbani nikampigia Aneth. Nilimwambia achapishe, nami nitaandika ukurasa wa kukiri, kwa jina langu kamili.

Makala yake na ukurasa wangu vimetoka mwezi uliopita. Mwaliko wangu mmoja wa kutoa mhadhara umefutwa, kwa adabu sana, na rafiki yangu wa siku nyingi hajajibu ujumbe wangu mpaka leo. Inauma, sitakudanganya.

Ila kinachonitafuna zaidi ni kingine. Tangu mume wangu Stanley afariki, miaka minne sasa, nimekaa nyuma ya mlango huu nikijiambia kwamba nafuata hekima ya kale. Watu wa jumuiya walibisha hodi mpaka wakachoka. Sijui kama nilijifungia kwa sababu ya lile neno, au tangu mwanzo nililisoma hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka liseme.

Jumamosi iliyopita nilikwenda jumuiya, nyumbani kwa jirani yangu Idda. Nilichelewa; wimbo ulikuwa umeshaanza. Nilisimama mlangoni kama mgeni. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Idda alisogea tu kwenye benchi, akanielekezea kitabu chake cha nyimbo, tukaimba kutoka ukurasa mmoja.

Priska na shemeji Brayson wanakusalimu sana. Nawe nisalimie wifi, na watoto wote kila mmoja kwa jina lake. Mungu awafunike kwa mkono wake, mchana na usiku, mpaka tutakapoonana uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Lukresia