Kobe Tuliyemjua kwa Masikio

Kwa Dada yangu, uliyenilea na kunichapa,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana nyingine ni nzito na magoti yako nayajua. Vipi hali? Vipi presha? Lile jino lako la mwisho bado liko kazini au limeshastaafu? Sisi huku wazima, tunakula, tunalala, tunagombana, kama binadamu wengine. Mwanangu wa mwisho bado anafua mashuka pale hospitali, na mimi mdogo wako bado ndiye fundi cherehani bora wa mtaa huu na wa mtaa wa pili pia, ingawa wa mtaa wa pili bado hawajaambiwa.

Unajua kalamu na mimi hatukuwahi kusalimiana, kwa hiyo anayeandika ni kinyozi wa mlango wa pili, yule yule wa siku zote. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyoe maneno. Kuna mteja wake hapa kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado. Tumemwomba radhi, akasema tuendelee tu, na yeye anataka kusikia.

Sasa, Dada, mjukuu wetu Kifungo yuko chekechea. Mdomo wake unakwenda kama cherehani ya umeme, sijui karithi kwa nani. Na watoto wa siku hizi, nikuambie, wote wana mjomba mmoja, na mjomba mwenyewe ni kobe. Anaitwa Kobe Mabuti, yuko kwenye televisheni kila jioni. Anawafundisha kuhesabu, kunawa mikono, kumwachia mwenzio bembea. Wana mabegi yenye jina lake, wana soksi zenye jina lake, na mtoto akigoma kuoga anaambiwa Kobe Mabuti atanuna, basi mbio kwenye beseni.

Mimi na Kifungo kipindi hicho hakitupiti. Mimi nashona, yeye kajikunja chini ya meza ya kukatia kwenye masalio ya vitambaa, televisheni yako uliyotutumia iko juu ya kabati, Kobe anaongea. Ana sauti ya kizee. Anakohoa kwanza, kama mtu aliyemeza uzi, halafu anasema taratibu, wanangu, njia haikimbii. Tunaimba naye wimbo wa kunawa mikono mpaka mama yake Kifungo, mwanangu huyo wa mashuka, anasema siku nzima anapigwa kelele na mashine za kufulia, sasa nyumbani nako anazikuta mbili.

Ikafika sherehe ya watoto wanaohamia darasa la kwanza, na Kifungo ni mmoja wao. Mwalimu wake akataka Kobe Mabuti aje mwenyewe, mzima mzima, awaage. Akauliza darasani nani nyumbani kwao kuna mshonaji. Kifungo akasimama juu ya kiti akasema babu yake anashona kila kitu, na Kobe Mabuti wa kweli atatokea kwao, hakuna kwingine. Toka siku hiyo akawa anatembea pale shuleni kama mwenye shule.

Mwalimu akanifuata dukani, akaniuliza kwa adabu kama Kobe Mabuti namjua. Mimi! Nikamwambia Mwalimu, kobe huyo nikipishana naye gizani sokoni nitamwita kwa jina. Akasema basi ataniletea picha nishonee. Nikamwambia picha ni za mafundi wa kubahatisha. Akaondoka ameridhika. Dada, ulinionya tangu utotoni kwamba mdomo wangu utaniponza. Ulikuwa sahihi, lakini usizoee.

Maana nilipotandika kitambaa, mkasi ukagoma. Nikamwita Kifungo nikamuuliza kwa ujanja, kama namtahini, Kobe Mabuti yukoje. Hapo utauliza mtu aliye naye kila jioni anamuulizaje mtoto. Subiri, usinivurugie hadithi. Kifungo hakufikiri hata kidogo. Akasema gamba lake ni viraka, rangi zote, na kila kiraka kina mfuko. Kapinda mgongo. Miwani kaifunga kwa uzi. Shingoni futi ya kupimia. Kichwani hana nywele ila pembeni. Na mabuti? Ya kahawia, moja limetoboka kwenye dole gumba.

Nikashona, Dada. Gamba lile lingesimama lenyewe likapokea wageni. Kosa moja tu, nililipima kwa mwili wangu. Baba mmoja dereva ndiye alipangwa kulivaa, likamkwama tumboni kama chupi ya mtoto. Ikabidi nivae mimi.

Nikaingia ukumbini. Watoto wakanyoosha shingo. Halafu mtoto wa muuza magodoro, sauti kama honi ya lori, akasema huyo siye! Mwingine akasema Kobe Mabuti ni wa kijani. Mwingine akauliza kofia iko wapi. Mmoja akaanza kulia, na kilio cha chekechea unakijua, kinaambukiza kama miayo. Kisha wote wakamgeukia Kifungo. Wakamwambia muongo wewe, ulisema wa kweli anatoka kwenu. Yule wa magodoro akamalizia kwamba labda kwao hata televisheni hawana.

Mimi nilikuwa namwona kupitia kitundu cha shingo. Mtoto anayejibu hata asichoulizwa, alikuwa anaangalia viatu vyake, mdomo wa chini umeanza kucheza. Sindano imewahi kunichoma mpaka ikagusa mfupa, na nikamalizia pindo ndipo nikapiga kelele. Ila pale, Dada, niliumia. Siku yake ya mwisho na wenzake, na jina atakaloondoka nalo ni muongo, kwa ajili ya vazi langu.

Nikataka kusema kitu. Lakini mle ndani joto, nyuzi puani, kikanishika kikohozi. Nikakohoa, mara mbili.

Kilio kikakatika katikati. Kifungo akainua kichwa. Akapanda juu ya benchi, mikono kiunoni, wewe kabisa, Dada, akaamuru wote wafumbe macho. Fumbeni! Na wewe wa magodoro, fumba! Na Mwalimu naye! Mwalimu akafumba, angefanyaje. Wazazi nao wakafumba. Ndipo nikasema kwa ile sauti yetu ya kila jioni, taratibu, wanangu, njia haikimbii.

Ungewaona! Macho yamebanwa, midomo wazi. Nikaanzisha wimbo wa kunawa mikono, ukumbi mzima unasugua viganja hewani, dereva yule na tumbo lake pia. Wa kwanza kupiga kelele kwamba ni yeye, ni yeye, alikuwa yule yule wa magodoro. Alifumbua jicho moja, akaniona, akalifumba tena haraka. Mwisho walipofumbua hakuna aliyejali rangi. Walinivamia, kila mmoja mkono mfukoni mwangu, wakatoka na vipande vya utepe na ahadi ya kurudi. Mwalimu akaniuliza wazo lile nililitoa wapi. Nikamwambia nilipanga tangu mwanzo. Kinyozi anacheka, lakini ameandika.

Njiani nikamuuliza Kifungo yale mambo ya viraka na futi aliyaona wapi. Akasema hajayaona. Alijua tu. Mtu mwenye sauti vile, anayekohoa vile, anayesema taratibu, atakuwaje zaidi ya hivyo, babu? Tulipofika dukani nikajitazama kwenye kioo cha wateja, kichwa cha kobe nimekishika mkononi. Aproni yangu ya viraka, mifuko kila mahali. Miwani, uzi. Futi. Upara. Kiatu kimetoboka kwenye dole gumba. Mtoto hakudanganya hata neno. Nilikuwa nimejishona mwenyewe.

Sasa kaa vizuri, nikuambie lile zito.

Televisheni uliyotutumia, uliyoifunga kwenye blanketi lako mwenyewe usiku ukalala na baridi, ilifika imekufa picha. Sauti ilikuwa nzima, safi kabisa, lakini kioo kilikuwa cheusi kama sufuria. Nilikuambia tunaona mpaka vidole vya miguu vya mtangazaji wa habari. Nilikusimulia magauni yake, la zambarau, la maua, lile la bega moja ulilolilaani barua nzima. Yote niliyashona kichwani. Ningekuambiaje zawadi yako ilivunjika njiani, na ulivyofurahi? Mwanangu alijua, Kifungo alijua, na kinyozi huyu aliandika kila gauni kwa mkono wake, kwa hiyo ukigomba, gawa sawa. Hapa kainama, anajificha nyuma ya karatasi.

Usihuzunike. Muuza magodoro alipopata habari alituma mtu wake wa kutengeneza, waya mmoja tu ulikuwa umechomoka, picha ikarudi. Tukakaa kumwona Kobe Mabuti. Dada, ni wa kijani, anateleza kama sabuni, mabuti mapya hata hayajakunjika. Kifungo akamtazama, akanitazama mimi, akachukua kipande cha kitambaa cha gamba kilichobaki akaifunika televisheni. Akasema sasa tusikilize vizuri. Tangu hapo wa magodoro na wengine wawili watatu huja jioni, wanajipanga chini ya meza yangu macho wameyafumba, na Kobe akikohoa wanasubiri na mimi nikohoe.

Kwa hiyo njoo ututembelee. Chini ya meza pana nafasi, magoti tutayakunja taratibu, njia haikimbii. Ila saa ya habari nitakufunulia kitambaa umwone mtangazaji kwa macho yako. Na ukikuta hajavaa gauni nililokuambia, basi kosa ni lake.

Nisalimie majirani, hata yule asiyenipenda. Mwanangu anakuamkia, Kifungo anasema shikamoo na anauliza kikohozi chako kikoje. Mteja wa kinyozi naye anakusalimu sana, anasema hadithi ni nzuri, sasa anaomba amaliziwe upande wa pili.

Mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni mpaka ukapinda,

Fundi wa viraka