Mwiko Uliopotea Jikoni

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku mashindanoni tunakula na kushiba, na wenzangu watatu wa mbio za kupokezana wanakusalimu.

Ule mwiko uliopotea jikoni, ukamnunia jirani ukidhani kauiba, niliuchukua mimi. Timu ya taifa haikuwa na kijiti, tukafanya mazoezi kwa mwiko wako mwaka mzima. Kijiti cha huku ni chepesi, kinateleza kwa jasho. Jana kikaniponyoka, uwanja mzima ukiona. Nilikiokota nikakimbia mpaka mwisho, timu nyingine zimeshafika zamani.

Usilie, nimeshalia mimi kwa niaba ya wote. Kijiti nimekiomba kwa waandaaji, wamenipa nije nacho tufanyie mazoezi. Mwiko nakurudishia. Niombee radhi kwa jirani, maana nikishuka tu kwenye ndege, naanzia uwanjani kufanya mazoezi.

Mjukuu wako mkaidi