Plastiki Kwenye Kidonda cha Mama

Kirotshe, hospitalini
Tarehe 12 Juni 2022

Mpendwa mdogo wangu Blandine,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Hujambo? Baridi ya Ubelgiji imepungua kidogo? Unakula chakula cha kushiba, au bado ni ile mikate mikavu uliyotuonyesha kwenye picha? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Mume wangu Straton amebaki Ngungu, anavuna maharagwe peke yake. Watoto wangu wanakuulizia kila siku. Wewe wanakuulizia, baba yao hawamwulizii hata kama amekula.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu Mama angenisikia. Kitanda chake kiko hapa hapa nilipokaa. Kaka Damascène ataipiga picha barua hii na kukutumia leo.

Unajua Mama alijikata mguu kwa jembe. Nilikuambia kidonda kinapona, na kilikuwa kinapona kweli. Mimi ndiye niliyekiosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi yaliyochemka, kabla sijawapikia wanangu uji.

Kisha ukapiga simu ile Jumapili baada ya misa, ukamweleza Mama kazi yako. Ulieleza vizuri, nakubali, hata mimi nilielewa. Ulisema ngozi ya chura ina vitu vidogo sana vinavyotoboa ngozi ya vijidudu mpaka vinakufa. Ulisema vitu hivyo ni ghali na vinaharibika upesi mwilini, ndiyo maana ninyi mnaviiga kwa minyororo ya polima, "aina ya plastiki tu, Mama," ambayo vijidudu havijaizoea kama vilivyozoea vidonge vyetu. Mwisho ukasema bado ni mambo ya maabara, kwamba plastiki hiyo inapasua hata chembe za damu na haijawekwa kwa mtu yeyote. Hayo ya mwisho Mama hakuyasikia, alikuwa ameshampa jirani simu amsikie docteur wake, yaani wewe.

Sasa sikia alichofanya. Ule mfuko wa plastiki uliokuja na kitenge ulichomtumia, aliukata. Kila nilipomaliza kumfunga na kwenda shambani, alitoa bandeji yangu, akafunga mguu kwa plastiki yako, akavaa soksi juu. Jioni alirudisha bandeji kabla sijafika. Nilikuja kujua kwa harufu.

Daktari wa hapa anasema vijidudu vya kidonda hiki havisikii tena dawa alizo nazo. Vidole viwili lazima vikatwe wiki hii. Tukichelewa, atakata mguu, na hata baada ya mguu hana hakika ya uhai wake. Mama amekataa kabisa.

"Banikate vidole ya nini?" anawaambia. "Mutoto yangu iko natengeneza dawa kule Bulaya. Miye niko namungojea."

Nilimwambia, "Mama, ile dawa haiko tayari." Akanijibu, "Weye unajua nini? Uliisoma wapi?" Kisha akatoa simu yake kuwaonyesha wauguzi picha yako ya koti jeupe. Mimi niliyeshika beseni akaninyooshea kidole tu: "Huyu njo mukubwa yake."

Nina wivu, Blandine. Nauandika wazi kwa sababu ukinikaa kooni nitakosa usingizi. Mimi ninaosha usaha, wewe unasifiwa. Ningekuwa mimi niliyesema maneno yale ya plastiki, angecheka na kunituma maji. Umesema wewe, akayafunga mguuni.

Juzi homa ilipanda, akaanza kuita jina lako. Nikaitika. Nililainisha sauti kama yako, nikamwambia, "Mama, ni miye Blandine. Kubali bakukate." Akanishika mikono, akaipapasa, akasema, "Hii mikono iko ya Adelaïde," halafu akageukia ukutani. Nilifurahi kwamba ananijua, na nikakasirika papo hapo, kwa kuwa hata kunijua kwake kulikuwa ni kunikatalia.

Basi nakuomba, piga simu leo. Usimweleze habari za chura tena. Mwambie dawa yako haipo, na haitakuwepo kwa ajili ya mguu huu. Mwambie akubali vidole vikatwe, abaki na mguu. Itakuuma kumwambia hivyo, na mimi, Mungu anisamehe, sitasikitika sana ikikuuma. Lakini wewe tu ndiye atakayekusikiliza.

Damascène anakusalimu, na mke wake Anastasie. Abbé Raphaël anakuombea kila misa, jina lako analitaja kwa sauti. Mungu akulinde safarini na kazini, na mikono yako ifanikiwe.

Ukimaliza kuongea na Mama usikate simu. Mwambie anipe, uniulize na mimi nimeamkaje.

Dada yako akupendaye, na wivu wake wote,
Adelaïde